Sura ya Tano: Ukakasi wa Mtama

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma, akiisha kulipita lango la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Serengeti inateremka magharibi hadi kukaribiana na maji ya Ghuba ya Speke, huingia katika nchi ya mashamba madogo madogo ya pamba, muhogo, mahindi na mtama. Na akifika Bunda katika majira ya mavuno, akiwa na wasaa wa kuzunguka sokoni, ataona mtama katika magunia yaliyokunjwa midomo, huu mweupe, huu mwekundu, na huu wa kahawia iliyokoza hata kukaribia weusi. Mweupe ni mtamu na watoto huupenda. Wa kahawia huacha ukakasi mdomoni na uzito tumboni. Ajabu ni kwamba huo wenye ukakasi haukosi mlimaji. Ukimwuliza mkulima kwa nini apande mbegu chungu ilhali tamu ipo, hatakupa hotuba. Atakujibu neno moja, "ndege", kisha ataendelea na shughuli yake.

Jawabu hilo ni sahihi, wala sura hii haikusudii kulipinga. Inakusudia kuuliza swali la pili, ambalo mkulima hana haja nalo lakini msomaji wa kitabu hiki anayo haki ya kuliuliza: ukakasi huo umo wapi katika punje, ni nini kilichoamrisha uwepo, na ilikuwaje hata katika nasaba moja ya mmea tawi moja likaurithi na tawi jingine likaupoteza. Mambo haya yamebainika katika umri wa watu walio hai sasa, na kiini chake ni hiki: tabia ya mmea tuionayo shambani kwa macho aghalabu hutokana na protini kadhaa zinazokutana na kushikana, na kwa kushikana huko zikapata uwezo ambao hakuna hata moja miongoni mwao iliyokuwa nao ilipokuwa peke yake. Viumbe vinapobadilika tabia kizazi baada ya kizazi, si lazima pazuke protini ngeni. Mara nyingi yatosha kubadilika kwa habari ya protini ipi ikutane na ipi, na ipi iachwe.

Tuanze na punje yenyewe. Chukua punje moja ya mtama wa kahawia, uikwangue kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, taratibu, usiufikie unga. Chini ya ganda la nje utaona utando mwembamba mweusi-kahawia uliouzingira unga pande zote. Fanya vivyo hivyo kwa punje ya mtama mtamu: ganda likitoka tu, unakutana na weupe wa unga bila kizuizi. Utando ule wa rangi ndio makao ya tanini, na tanini ndiyo inayoleta ukakasi, ule ule unaomshika mtu ulimi anapotafuna bibo au ganda la ndizi mbichi. Kazi ya tanini ni kushikamana na protini. Ikiingia kinywani huzishika protini za mate, mate yakapoteza utelezi, na ulimi ukahisi ukavu. Ikifika tumboni huzishika protini za unga pamoja na vimeng'enya vilivyokuja kuusaga, na sehemu ya chakula ikapita bila kumfaa aliyekula. Watu wa kale hawakuwa na habari ya vimeng'enya, lakini walikuwa na dawa ya jambo lenyewe: katika nyanda za juu za Kigezi, Uganda, na kwa jirani zao wa Rwanda, mtama mchungu huchanganywa na majivu ya kuni, ukaloweshwa na kuoteshwa kabla ya kusagwa, na huku mkoani Mara unga wake huchanganywa na udaga wa muhogo ukasongwa ugali, au punje zikafanywa kimea cha pombe.

Pana hadhari moja, kwa maana wengi hudanganyika hapa. Wekundu wa ganda la nje si ushahidi wa tanini. Upo mtama mwekundu kwa nje ambao chini ya ganda hauna utando wowote, nao ni mtamu. Na upo mtama uonekanao mweupe ambao chini ya ganda lake umejificha utando mchungu. Anayenunua kwa macho peke yake hununua kwa bahati, na mwenye ukucha hununua kwa maarifa. Sababu ya rangi ya nje na ukakasi wa ndani kwenda kila kimoja njia yake nitaieleza baadaye kidogo, kwa kuwa imo ndani ya habari ya protini zenyewe.

Kila seli ya mtama, ya mzizi, ya jani, ya suke, ina jeni zote za mtama, na hizo, tangu vinasaba vya mmea huu viliposomwa vyote na kutangazwa mwaka 2009, zimehesabiwa kuwa zaidi ya 30,000. Lakini seli ya mzizi haitengenezi tanini ya punje, wala utando wa punje hautengenezi vinyweleo vya mzizi. Jeni nyingi zimo katika hali ya kungoja amri, na amri hutolewa na protini maalumu zinazokwenda kukaa juu ya DNA, jirani na jeni inayohusika, zikaifanya isomwe. Nitaziita protini amrishi. Jeni za vimeng'enya vinavyotengeneza tanini huamrishwa na kundi la protini tatu: ya kwanza ni ya ukoo uitwao MYB, ya pili ya ukoo uitwao bHLH, na ya tatu ya ukoo uitwao WD40. MYB hushika DNA na kuitambua jeni inayotakiwa. bHLH nayo hushika DNA, lakini sharti ishikane na MYB ndipo kazi ipatikane. Ama WD40, hiyo haigusi DNA kabisa, bali ina umbo la duara, na shughuli yake ni kuwashika hao wawili wasiachane. Mfano wake ni mafiga matatu: chungu hukaa yakiwapo yote, na ukiliondoa moja, lo lote kati ya hayo, chungu hakikai, na aliyekuja jioni akakikuta chungu kimemwagika hawezi kujua kwa kukitazama chungu ni figa lipi lililoondolewa.

Neno hilo la mwisho lina uzito kuliko lionekanavyo, na ili tulipime inatupasa kurudi nyuma kidogo katika historia ya elimu ya urithi.

Butiama, kijiji cha Wazanaki kilicho katika vilima vya mawe karibu na Ziwa Viktoria lakini si pwani yake, kinajulikana duniani kwa sababu ya mtu aliyezaliwa huko mwaka 1922. Wachache hukumbuka kuwa Julius Nyerere, kabla siasa haijamchukua, alikuwa mwalimu wa baiolojia: baada ya masomo ya Makerere alilifundisha somo hilo pamoja na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Katika miaka hiyo jeni ilikuwa ikitajwa madarasani pote, lakini umbile lake lilikuwa bado fumbo. Oswald Avery na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1944, kwa majaribio ya bakteria, kwamba urithi hubebwa na DNA, na wataalamu wengi hawakusadiki. Na umbo la DNA lilibainishwa na Watson na Crick mwaka 1953, Nyerere akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Mwalimu wa baiolojia wa wakati ule aliweza kuwaeleza wanafunzi hesabu za urithi kwa usahihi kamili, na asiweze kuwaambia ni kitu gani hasa kinachohesabiwa. Leo Butiama pana chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kilichopewa jina lake, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapo aweza kusoma katika daftari moja hesabu na kitu chenyewe.

Hesabu hizo zilianzishwa na mtawa Gregor Mendel, aliyepanda mbaazi za Ulaya katika bustani ya monasteri ya Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Miongoni mwa tabia saba alizozichagua, moja ilikuwa rangi ya ua, zambarau au nyeupe. Ilichukua muda wa karibu miaka mia na hamsini kuigundua jeni iliyokuwa nyuma ya ua lile jeupe, na ilipopatikana, mwaka 2010, ikaonekana kuwa ni jeni ya protini ya bHLH: figa la pili katika mafiga yetu, likiwa limeharibika. Mendel, bila kujua, aliijenga elimu ya urithi juu ya kundi hili hili la protini linalotia mtama wa Bunda ukakasi. Baada yake walikuja Waingereza William Bateson na Reginald Punnett, ambao mwanzoni mwa karne ya ishirini walichukua maua mawili meupe ya jamii nyingine ya mbaazi, wakayapandanisha, na badala ya kupata weupe wakapata watoto wote wenye maua ya zambarau. Na wajukuu walipohesabiwa, wakatokea kwa kadiri ya tisa wenye rangi kwa saba weupe. Weupe juu ya weupe ukazaa rangi! Kwa mwenye kuyafahamu mafiga hakuna muujiza: mzazi mmoja alikosa figa moja, mzazi wa pili akakosa jingine, na mtoto akapata kwa kila mmoja kile ambacho mwenzake hana.

Mtama nao una tabia hiyo hiyo, na wafuga mbegu walikuwa wakiijua kwa hesabu tangu zamani. Ukipandanisha mtama mtamu na mtama mwingine mtamu, kama kila mmoja umekosa figa lake, mmea unaozaliwa utatoa masuke machungu. Tena kuna kitendawili ndani ya kitendawili: utando wa punje ni mwili wa mama, si wa mtoto, kwa hiyo punje zinazopatikana katika suke lililopandanishwa zitaonekana tamu kama mama yao, na uchungu utajitokeza msimu wa pili, punje hizo zikiisha kupandwa na kuzaa. Mkulima aliyepanda mtama mweupe jirani na shamba la mtama mweupe mwingine, akavuna mweupe, akahifadhi mbegu, na mwaka uliofuata akaona masuke machungu yamechomoza humo, asiharakishe kumtuhumu aliyemwuzia mbegu.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walilitambua figa la WD40 katika mtama, wakaiita jeni yake Tannin1. Katika mitama mitamu waliyoichunguza walikuta jeni hiyo imeharibika kwa namna mbili tofauti: katika namna ya kwanza imepotea besi moja tu ya DNA, na katika namna ya pili zimeongezeka besi kumi zisizotakiwa. DNA husomwa besi tatu tatu. Kwa hiyo kupungua moja au kuongezeka kumi huvuruga usomaji wote unaofuata, na protini hukatika kabla ya kukamilika. Baadaye ikapatikana jeni ya pili, Tannin2, ambayo ni ya bHLH, nayo ikaonekana kuharibika kwa njia zake yenyewe. Maana yake ni kwamba wakulima wa Afrika, waliokwisha kuufuga mtama mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na kuusambaza barani kote, waliufikia utamu kwa njia kadhaa zisizohusiana, kila jamii ikichagua mmea uliotokea mtamu shambani mwake, wala hapana aliyejua kwamba mwenzake wa mbali ameondoa figa jingine. Mchele tunaokula una kisa cha namna hiyo hiyo: mpunga wa mwituni una punje nyekundu zenye tanini, na aghalabu ya michele myeupe ya dunia imekuwa myeupe kwa sababu besi 14 zilipotea katika jeni moja ya bHLH.

Katika utafiti ule wa 2012 limo jaribio moja ambalo kwangu mimi linazidi mengine yote kwa uzuri. Upo mmea mdogo wa Ulaya na Asia uitwao Arabidopsisi, ambao wanasayansi huutumia kwa majaribio, na ipo aina yake iliyopoteza WD40 yake na pamoja nayo tanini ya mbegu. Watafiti waliichukua Tannin1 nzima ya mtama, wakaiingiza katika mmea huo wenye kasoro, na tanini ikarejea katika mbegu zake. Nasaba ya mtama na nasaba ya Arabidopsisi zilitengana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, kabla hapajakuwa na ndege wa kwelea wala mtu wa kumfukuza, na hata hivyo protini ya huyu ilipoletwa mbele ya wenzi wa yule, ilizitambua na kuzishika kana kwamba hazikupata kuachana. Umbo la duara la WD40 limehifadhiwa kwa uaminifu huo kwa sababu lina wenzi wengi wa kuwaridhisha. Likibadilika kidogo tu huenda likampata mwenzi mmoja na kuwakosa wanne.

Ukoo wa MYB, kwa upande wake, ni mkubwa mno. Katika Arabidopsisi peke yake wa aina ihusikayo hapa wanapita mia moja, ilhali WD40 ya kazi hii ni moja tu. Jeni za MYB zimejirudufu mara kwa mara katika vizazi vilivyopita, na nakala ya pili, ikiwa haina majukumu ya ile ya kwanza, huwa na uhuru wa kubadilika. MYB moja ikishikana na bHLH na WD40 huamrisha tanini ya mbegu. Nyingine, kwa wenzi hao hao au ndugu zao, huamrisha vinyweleo vya jani. Nyingine rangi ya ua.

Mahindi yametoa ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo hili. Ndani yake mna MYB mbili zilizo ndugu: moja, C1, haifanyi kazi bila bHLH, ya pili, P1, hufanya kazi bila kuihitaji, na kazi yake ni kutia wekundu katika ganda la punje. (C1 ndiyo jeni ambayo Barbara McClintock aliiona ikizimika na kuwaka punjeni, na kwa kuifuatia akagundua jeni zirukazo, jambo lililompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.) Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba tofauti ya ndugu hawa wawili katika kumtambua bHLH imo katika asidi za amino chache mno: walipozipandikiza zile za C1 kwa P1, P1 ikaanza kushikana na bHLH ambayo hapo awali haikuijali. Asidi chache, na protini imepata mwenzi mpya.

Hapa ndipo linapofumbuka lile jambo la rangi ya nje na ukakasi wa ndani. Wekundu wa ganda la mtama huamrishwa na jeni iitwayo Y1, nayo ni MYB iliyo ndugu wa damu wa P1 ya mahindi, kutoka tawi lile la MYB zisizomtegemea bHLH. Tanini ya utando huamrishwa na kundi la watatu. Kuharibika kwa Tannin1 au Tannin2 hakuzuii ganda kuwa jekundu, wala kuharibika kwa Y1 hakuzuii utando kuwa mchungu. Macho sokoni yanatazama kazi ya protini moja, na ulimi mezani unaonja kazi ya nyingine.

Turudi sasa kwa ndege, ambao mkulima aliwataja kwa neno moja. Kwelea ni ndege mdogo wa kadiri ya gramu 20, mdomo wake mwekundu, na hula kiasi cha gramu 10 za mbegu kwa siku; mmoja hana madhara, lakini yeye hatembei mmoja. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo si nadra, laweza kumaliza tani 10 kati ya jua kuchomoza na jua kuzama. Viota vyao huvijenga katika miiba ya nyika kwa maelfu, na nyika ya miiba iko mlangoni mwa Bunda. Mvua za kwanza zikiiotesha mbegu ya majani ya mwituni, chakula chao huadimika kwa ghafla, nao huhama wakitafuta. Tangu zamani watoto na wanawake wa mwambao wa ziwa wameamia mashamba, wakipanda madungu alfajiri kwa makopo, makelele na kombeo; na tangu 1962 nchi za Afrika Mashariki zina Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani, ambalo ndege zake huitwa pia kunyunyizia sumu malalo ya kwelea. Mtoto anayeamia shamba haendi shule; hiyo ni gharama ya mtama mtamu ambayo haiandikwi katika bei ya gunia.

Katika miaka ya 1950, Mara ilipokuwa bado sehemu ya Jimbo la Ziwa, Mwingereza Hugh Doggett alifanya kazi ya kufuga mbegu za mtama katika kituo cha Ukiriguru karibu na Mwanza, akaandika kuhusu mitama inayokataliwa na kwelea. Baadaye alihamia Serere, Uganda, ambako ndiko ilikotoka Serena, mbegu ya kahawia, chungu, inayokomaa mapema, iliyoenea katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Wapishi hawakuisifu kamwe. Ilienea kwa sababu ilivunwa. Tanini haimzuii kwelea mwenye njaa kali, lakini akiwa na chaguo jingine huliacha suke chungu, hasa punje ikiwa bado ya maziwa, wakati ambapo ukakasi ni mkali kupita wote na ndege ana pupa kupita zote. Na mwaka 2019 watafiti wa China walitoa habari iliyozidisha fumbo: Tannin1 nzima, mbali na kuleta tanini, hupunguza pia harufu fulani zitokanazo na mafuta ya punje, ambazo huwavuta ndege. Figa moja, basi, linabeba vyungu viwili, ladha na harufu. Na mkulima wa kale aliyeliondoa ili apate ugali mtamu aliwaita ndege kwa njia mbili kwa pamoja.

Mwaka huo huo wa 2019, katika jarida la Nature Plants, ulitoka utafiti uliotazama bara zima. Waandishi wake waliweka pamoja ramani ya aina za Tannin1 na Tannin2, ramani ya makazi ya kwelea, na ramani ya tatu ambayo sidhani mtu aliitazamia: ya protini za ulimi wa binadamu zinazohisi uchungu. Afrika ya Mashariki na ya Kusini, penye kwelea wengi, mitama yenye tanini imedumu. Afrika ya Magharibi, mitama isiyo na tanini imetawala. Na mgawanyo wa mitama hiyo umeonekana kulingana pia na tofauti za watu katika jeni za kuhisi uchungu. Kulingana si kuthibitisha sababu, na mimi ningependa kuona uchunguzi zaidi kabla ya kuapa kwamba ulimi wa babu zetu uliumbwa sawa na masuke yao. Hata hivyo wazo lenyewe halina upuuzi: tanini ni kitu kinachoshikana na protini, na protini ya mwisho inayokutana nayo imo kinywani mwa mlaji.

Ndege ni adui wa juu. Yupo pia adui wa chini, mwenye ua zuri la zambarau, ambaye Watanzania humwita kiduha, na Wajaluo ng'ambo ya mpaka humwita kayongo. Kiduha hakina mizizi ya kujitosheleza. Hujipachika katika mizizi ya mtama, mahindi au ulezi na kunyonya, na mmea ulionyonywa hudumaa kabla hata kiduha hakijatokeza juu ya ardhi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu, na zaweza kungoja udongoni zaidi ya miaka 10. Hazioti mpaka zihisi kwamba mzizi wa kunyonywa uko karibu, na hili huzihisisha strigolaktoni, dawa ambazo mizizi ya mtama hutoa udongoni, hasa fosforasi ikiwa haba, ili kuwaita kuvu wema wanaousaidia mmea kupata chakula. Mbegu ya adui husikia mwito usiokuwa wake. Ndiyo sababu shamba lililochoka ndilo kiduha hulipenda.

Mmea wowote unazo protini za kuzipokea dawa hizi na jamaa zake. Mpokezi akipata dawa hubadilika umbo, na kwa umbo hilo jipya huweza kushikana na protini iitwayo MAX2. Wawili hao humkamata wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia, wakamtoa aangamizwe. Na kizuizi kikiondoka, mbegu huota. Katika mimea ya kawaida mpokezi aitwaye KAI2 hazijali strigolaktoni. Huitikia dawa za jamii nyingine, zikiwamo zilizomo katika moshi wa nyasi zilizoungua. Katika nasaba ya kiduha jeni ya KAI2 ilijirudufu mara nyingi, na nakala mpya zilibadilika mahali pa kupokelea, zikawa zinazipokea strigolaktoni. Lakini mahali pa kushikana na MAX2 paliachwa kama palivyokuwa. Mwaka 2015 watafiti wa Toronto, Kanada, walipoipandikiza mojawapo ya nakala hizo, ya saba, katika Arabidopsisi, mbegu za mmea huo usio na hatia zikaanza kuota kwa strigolaktoni ya kadiri ya gramu moja iliyoyeyushwa katika lita bilioni kadhaa za maji. Hapakuhitajika kuletwa kitu kingine chochote kutoka kwa kiduha. Wenzi wa zamani walikuwapo wakingoja, na walimshika mgeni kama walivyokuwa wakimshika mwenyeji.

Mtama nao umepata kujibu. Mwethiopia Gebisa Ejeta, wa Chuo Kikuu cha Purdue, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, aliichagua mitama ambayo mizizi yake haioteshi kiduha sana, na kutokana na kazi yake Tanzania ilitoa mwaka 2002 mbegu mbili, Hakika na Wahi. Sababu ya ukaidi wa mitama ya namna hiyo ilijulikana mwaka 2017: imepoteza jeni iitwayo LGS1, na kwa kuipoteza hutoa strigolaktoni ya aina nyingine, orobankoli, ambayo mpokezi wa kiduha huiitikia kwa udhaifu.

Kwa mfuga mbegu anayeitazama Mara, kuna habari moja njema iliyo rahisi: Tannin1 iko katika kromosomu ya nne ya mtama, Tannin2 katika ya pili, na LGS1 katika ya tano, kwa hiyo hurithiwa bila kufungamana, na mbegu chungu isiyoita kiduha yaweza kupatikana sawasawa na mbegu tamu isiyoita kiduha. Habari isiyo njema ni ya upande wa pili. Kiduha cha zambarau hakiwezi kujichavusha. Kila mbegu yake ina baba na mama mbalimbali, na katika vumbi la mbegu zilizolala chini ya shamba moja mna wapokezi wa kila namna, waliotofautiana kwa asidi ya amino moja hapa na mbili pale. Kama imo miongoni mwao mbegu inayoisikia orobankoli vizuri kuliko wenzake, mtama wa LGS1 ukipandwa peke yake mwaka hata mwaka utaiotesha hiyo na kuziacha nyingine usingizini. Ndiyo maana inafaa kukumbuka kwamba Mbita, kando ya ziwa hili hili upande wa Kenya, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, hawakutegemea mbegu peke yake. Waliwafundisha wakulima kupanda desmodiamu kati ya mistari ya nafaka, mkunde ambao mizizi yake hukiamsha kiduha kisha hukizuia kujipachika, na majani yake hulishwa ng'ombe.